Goti la Mama Sabina, Majibu ya Kaka Yake

Kwanza kabisa, acheni kuniita dokta. Sikuwahi kuwa dokta. Nilifanya kazi ya mazoezi ya viungo katika hospitali moja hapa Morogoro mpaka nywele zikaniisha kichwani, na wagonjwa walioshuka kutoka milimani waliniita mkandaji. Jina hilo nililichukia nilipokuwa kijana kama ninyi, kwa sababu nilikuwa na cheti ukutani na koti jeupe lililopigwa pasi. Siku hizi nalikosa. Mtu akiniita mkandaji sokoni nageuka haraka kuliko nikiitwa kwa jina alilonipa baba yangu.

Mnapokuja kunitembelea mnataka siri ya kazi. Mnakunywa chai, mnamaliza mihogo yangu, halafu mmoja anatoa simu kunionyesha mambo mapya. Majuzi mlinionyesha ile karatasi ya nyuso: zimepangwa sita, ya kwanza inacheka, ya mwisho inalia, mgonjwa anyooshe kidole kwenye uso unaofanana na maumivu yake. Karatasi nzuri, siibezi; ilinifikia nikikaribia kustaafu. Ila niliwahi kumpa bibi mmoja wa milimani, akaichungulia kwa muda mrefu, akaweka kidole kwenye uso unaocheka. Nikamwambia, "Bibi, mbona umeingia hapa umeshikwa mikono na watu wawili?" Akanijibu, "Mjukuu wangu, naumwa sana. Lakini hao wengine wamekunja sura mbele ya wageni, na mimi sikulelewa hivyo."

Kwa hiyo nilikuwa na kipimo changu. Mtu wa Mgeta nilimuuliza: kutoka mlangoni kwako mpaka barabarani unapumzika mara ngapi? Kule njia ni mteremko na mwinuko, na kila mtu anayajua mawe anayokalia. Akisema mara mbili, naandika mbili. Akirudi baada ya miezi akasema mara tano, sihitaji uso wa kucheka wala wa kulia. Mkata miwa wa Turiani nilimuuliza anamaliza mistari mingapi kabla hajanyoosha mgongo. Mama wa Gairo nilimuuliza kama anaweza kukaa chini akabangua karanga mpaka ungo ujae. Ulizeni kazi ya mtu, habari ya maumivu itakuja yenyewe.

Kipimo hicho sikukibuni mimi. Nilikipata kwa Mzee Salehe, ambaye hakuwa na cheti chochote. Kazi yake pale ilikuwa kubadilisha mashuka na kuchemsha maji ya vitambaa vya kukandia, na mimi kijana mwenye koti nilidhani nimekuja kumfundisha.

Nilipoanza kazi, mtu mwenye maumivu ya mgongo tulimwambia alale. Wiki tatu, wiki nne, chali, juu ya kitu kigumu, asiinuke ila kwa haja. Ndivyo tulivyofundishwa na ndivyo tulivyoamini. Mwalimu mmoja wa Gairo tulimwagiza alalie ubao. Nyumbani kwake hakukuwa na ubao wa kumtosha, basi mkewe akang'oa mlango wa jiko akautandika juu ya kitanda. Mwalimu akalala juu ya mlango mwezi mzima, na mbuzi mwezi mzima wakawa wanaingia jikoni kula unga. Aliporudi kwetu mgongo ulikuwa uleule, na miguu imelegea kama ya kifaranga. Mkewe hakuniuliza habari ya mgongo hata kidogo. Aliniuliza kama sasa ruhusa ipo ya kuurudisha mlango.

Mzee Salehe alisubiri mkubwa wetu aende kunywa chai, akamwambia yule mwalimu, "Inuka twende tukaangalie magari getini." Akamtembeza mpaka getini na kumrudisha. Kesho yake mara mbili. Keshokutwa mwalimu akaenda mwenyewe. Miaka mingi baadaye mafunzo yakabadilika, tukaambiwa mwenye mgongo asilazwe, atembee. Mzee Salehe alikuwa ameshastaafu. Nilimfuata nyumbani kwake mbio kumpa habari, akasema, "Hongera zao," akaendelea kumenya chungwa lake.

Sasa nisikilizeni juu ya maumivu sugu, maana hayo ndiyo yatakayokula miaka yenu ya kazi. Mtu akijikata inauma, kidonda kinafunga, maumivu yanaondoka. Sugu ni yale yanayobaki baada ya kidonda kufunga, au yanayokuja bila kidonda cha kuwaonyesha watu. Mwenye nayo hafi na haponi. Nyumbani wanamchoka, shambani wanamwita mvivu. Akifika kwako na wewe ukamtilia shaka, hana tena pa kwenda.

Mimi nilitilia watu shaka. Mkata miwa mmoja alikuja na kiuno, tukampiga picha, picha ikatoka haina kitu. Nikaiinua kwenye mwanga kwa maringo, nikamwambia, "Kaka, angalia mwenyewe. Picha safi kabisa." Akaiangalia, akaniangalia, akasema, "Basi ipeleke hiyo picha ikakate miwa." Akaondoka. Nilicheka kwanza. Kisha nikaona aibu, kwa sababu alikuwa ametembea kuja kwetu na kiuno kile, na mimi nimempa kitu kisichomfaa hata kukalia.

Lakini hayo yote ni utangulizi. Nataka niwasimulie juu ya Mama Sabina, maana makosa mengine mtayasoma darasani, na hili hamtalisoma.

Mama Sabina alitoka juu kabisa Mgeta, kwenye zile njia ambazo dereva wa lori la kabichi hushuka kwanza akaangalie kama barabara bado ipo. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na kitu. Magoti yake yote mawili yalikuwa yamechakaa na kiuno kilimsumbua, kwa sababu tangu akiwa msichana alibeba matenga ya karoti na njegere kichwani akiteremka nayo mpaka yanapopakiwa. Alikuja kwetu kila baada ya miezi mitatu, na hakuja peke yake. Alikuja na kaka yake, Mzee Anselmi.

Hapa inabidi niwaeleze ninyi mliotoka Kagera na Mbeya. Kwetu Waluguru ardhi inafuata upande wa mama. Shamba linatoka kwa bibi, linakwenda kwa mama, linakwenda kwa binti, na anayesema kwa niaba ya ukoo ni mjomba, yaani kaka wa mama. Mzee Anselmi ndiye aliyekuwa msemaji wa ukoo wao. Akisema shamba hili alime fulani, analima fulani. Mtu mrefu, mkimya, kofia mkononi, viatu vimefutwa matope kabla ya kuingia.

Mtu wa namna hiyo akiingia chumbani mwangu na dada yake, adabu ilinielekeza pa kuanzia. Nilimpa kiti kizuri, nikamuuliza yeye, "Mzee, mgonjwa wetu anaendeleaje?" Naye alijibu, "Hajambo. Juzi kalima." Hata lile swali langu la mapumziko nililojivunia lilijibiwa na yeye: "Hapumziki huyu, anashuka moja kwa moja." Mama Sabina aliketi pembeni na kanga mpya, amejipaka mafuta, anaitikia kwa kichwa. Nikimwambia atembee, anatembea vizuri. Nikimkunja goti anafumba macho kidogo, basi. Naandika kwenye faili: anaendelea vizuri. Miaka minne niliandika hivyo, na daktari akisoma faili anaamini, kwa sababu limeandikwa na mkongwe.

Kisha tukaletewa daktari mpya, Daktari Rehema, binti wa Kisukuma aliyekuwa na tabia ya kumshika mgonjwa kabla ya kusoma faili. Alimbonyeza Mama Sabina kwenye kifundo cha mguu, kidole kikaacha shimo. Akampima presha, iko juu. Akaniangalia mimi, akaangalia faili, akamgeukia Mzee Anselmi. "Shikamoo mzee. Naomba utupishe dakika tano nizungumze na mama."

Nilishtuka utadhani katukana. Nikamvuta pembeni, nikamwambia, "Mwanangu, huyo ni mkubwa wa ukoo. Hatolewi nje kama mtoto anayelia." Aliziangalia mvi zangu, akasema, "Sawa, baba." Akaandika kipimo cha damu cha kuangalia figo. Mzee Anselmi akasema gari lao linaondoka, watapima wakija tena. Nami, fundi wa adabu, nikasema, "Daktari, waache wawahi gari, ni mbali." Wakawahi gari. Mkinisikia nawagombeza siku nyingine, kumbukeni kwamba siku ile nilikuwa na daktari mwenye akili mkononi, na mimi ndiye niliyemfunga mdomo.

Haikupita miezi miwili, mama wa mwenzetu wa maabara akafariki, tukapanda Mgeta kuzika. Baada ya mazishi niliaga nikashuka peke yangu kwa njia ya mkato kufuata gari. Kulikuwa na ukungu umeanza kuondoka. Kwenye matuta ya shamba juu ya njia nikaona mwanamke anashuka kinyumenyume. Uso wake ulielekea mlimani, ameshika shina hili na jiwe lile, anapeleka mguu nyuma, anatafuta tuta la chini, anaushusha mwingine. Nilisimama nikatazama kama mwanafunzi. Nilikuwa nimefundisha watu kushuka ngazi kwa miaka isiyohesabika na hiyo sikuwahi kuifikiria. Jaribuni wenyewe: goti bovu likishuka kwa nyuma linabebeshwa kidogo kuliko likishuka kwa mbele. Tangu siku hiyo nimewafundisha wengi, ilimradi kuna kitu cha kushika, na sikuwahi kusema njia hiyo nimeitoa wapi mpaka leo.

Alipofika penye udongo unaoteleza hakuweza tena kusimama. Akakaa chini, akajiburuza kwa makalio mpaka njiani. Akageuka, na ndipo nikamwona ni Mama Sabina.

"Maria mama wa Yesu!" alisema. "Mkandaji, umefuata nini huku?"

"Nimekuja kuzika. Pole na kazi, mama."

"Usimwambie kaka."

Sikuwa nimesema neno lolote juu ya kaka yake. Nilikaa kwenye jiwe jirani, kwa sababu hata yeye hakuweza kuinuka. Nikamuuliza swali langu, safari hii nikimtazama yeye: unapumzika mara ngapi mpaka barabarani?

Akacheka. "Ungeniuliza nasimama mara ngapi. Hizo ndizo chache."

Akafungua pindo la kanga akanionyesha vidonge vya maumivu, diklofenaki, vya kutosha kujaza kiganja. Siku za kawaida alimeza viwili asubuhi na viwili jioni. Siku ya kulima aliongeza. Siku ya kuja kliniki alimeza vinne alfajiri na viwili vingine walipofika mjini, ili atembee mbele yetu kama mtu. Hiyo ndiyo miguu niliyokuwa nikiisifia kwenye faili.

"Kwa nini unajificha kwa watu wanaotaka kukutibu?" nilimuuliza.

"Sijifichi kwenu. Namficha kaka, naye anakaa hapo hapo." Akaonyesha matuta nyuma yake, mpaka penye chemchemi. "Hili ni shamba la mama. Felista, binti wa mama mdogo, ana mabinti watatu na hana pa kulima. Amekwisha kumwambia kaka kwamba shamba ni la lukolo, si la mtu asiyeweza kulilima. Na hasemi uongo, ndivyo tulivyokuta. Siku kaka akijua siwezi kushuka tuta, shamba linakwenda kwa Felista, na kwa mabinti wake. Sabina wangu yuko mjini anashona nguo za watu. Akirudi, atapanda wapi?"

Lukolo ndio ukoo kwa Kiluguru. Nikamuuliza habari ya mkojo. Akasema unatoka kidogo, mweusi kama chai ya rangi. Nikamwambia wazi kwamba vidonge vile, kwa wingi ule na kwa miaka ile, vinaharibu figo, na miguu iliyovimba ndiyo barua ya figo.

"Najua vinakula kitu," alisema. "Lakini mwanamke mwenye figo mbovu na shamba, bado ana kitu cha kumwachia mwanawe."

Niliumia, siwafichi. Niliumia kwa sababu hakuwa mjinga. Alikuwa amepiga hesabu yake vizuri kabisa, na katika hesabu hiyo mimi nilikuwa upande wa kaka yake. Kila nilipompa yule mzee kiti na swali, nilikuwa nambana dada yake mdomo. Adabu yangu ilikuwa inamuua taratibu, na hakuna hata mmoja kati yetu aliyepandisha sauti.

Nikamwambia, "Kaka yako hatayasikia kwangu. Hiyo ni siri yako. Lakini ruhusu nimwambie Daktari Rehema, maana ndiye anayetibu." Akafikiri, akakubali. Nikamwambia aache vidonge siku hiyo hiyo, na aje wiki ijayo, asingoje tarehe.

"Bila vidonge sifiki," alisema.

"Basi daktari akuone usivyofika."

Jumatano iliyofuata nilikaa dirishani tangu asubuhi. Magari ya Mgeta yakaja, hayupo. Adhuhuri ikapita. Nilikwisha kukata tamaa nilipomwona Mzee Anselmi anavuka ua kamkumbatia dada yake kiunoni, shati limelowa na kofia hana. Sikuwahi kumwona yule mzee bila kofia. Akamketisha kwenye benchi, akanijia.

"Alikwama kwenye tuta la pili," alisema. "Anatetemeka tu, mguu haushuki. Nimembeba mgongoni mpaka barabarani. Dada yangu yuko hivi tangu lini?"

Nikafanya nililopaswa kufanya miaka minne nyuma. Nikasema, "Mzee Anselmi, naomba ukae hapa nje. Daktari atazungumza na mama peke yake."

"Nimembeba mgongoni," alisema, "halafu unanitoa nje leo? Siku niliyoona?"

Mama Sabina akasema kutoka kwenye benchi, "Mwache aingie. Nimechoka. Naye asikie."

Tukaingia wote wanne. Daktari Rehema akavuta kiti chake mpaka magoti yake yakakaribia kugusa ya mgonjwa, akamuuliza yeye, akamsubiri yeye. Na Mama Sabina akasema yote. Vidonge, mkojo, kushuka kinyumenyume, kujiburuza. Alisema usingizi haupati, kwamba akigeuka kitandani anauma kanga asipige kelele. Alisema kwamba anamwogopa kaka yake, na alisema akimtazama. Mwisho akasema, "Na shamba mkitaka kunipokonya, nipokonyeni sasa, mbele ya hawa."

Mzee Anselmi aliinamisha kichwa. Alipokiinua aligeukia kwangu.

"Wewe bwana, miaka minne uliniuliza mimi goti lake linaumaje. Mimi ningejuaje? Kwa nini hukumuuliza mwenye goti?"

Ningeweza kusema adabu, lakini mbele ya mtu aliyetoka kumbeba dada yake mgongoni, neno hilo halikunitoka. Nilisema, "Nimekosa, mzee." Nikamgeukia Mama Sabina nikamwomba radhi na yeye. Akasema, "Na mimi nilikudanganya na kanga mpya." Nadhani alisema hivyo kunihurumia.

Damu ilipimwa siku ile ile. Figo zilikuwa zimeumia, hazikuwa zimekufa. Baada ya miezi zilirudi kiasi, si zote, na kilichobaki inabidi akitunze maisha yake yote. Diklofenaki na ndugu zake zikapigwa marufuku. Daktari akampa parasetamoli ya kumeza kwa saa, si kwa kungoja maumivu yapande, na kidonge kidogo cha jioni cha kutuliza mishipa ya fahamu. Hicho cha jioni muuza duka mmoja alimwambia ni dawa ya wazimu, akakitupa. Ilibidi Daktari Rehema amweleze upya, bila kumgombeza, kwamba dawa moja huwa na kazi mbili kama jembe linalopalilia na kuchimba viazi. Akarudi kuimeza.

Jambo moja nililiiba kwa Daktari Rehema siku hiyo, nami nawapa bure. Hakumuuliza, "Unataka maumivu yaishe?" Kila mtu anataka yaishe, na mara nyingi hatuwezi kuyamaliza, tunaanza kwa ahadi ya uongo. Alimuuliza, "Mama, tukifanikiwa kukupunguzia, ungependa uweze kufanya nini?" Mama Sabina akajibu bila kusita, "Kupanda miche kwa mkono wangu." Basi tiba yote tukaijenga hapo. Mazoezi ya mapaja, kuinuka kwenye kigoda na kukaa, mara kumi asubuhi, mara kumi jioni. Fimbo mbili za kushukia. Kulima nusu saa, kupumzika kabla ya kuchoka, si baada ya kuchoka. Na kitalu cha miche juu ya vichanja, usawa wa kiuno, asiiname. Vichanja vile alivijenga Mzee Anselmi mwenyewe.

Tangu hapo chumba changu kilikuwa na sheria moja. Msindikizaji, awe mjomba, mume au shekhe, nampokea kwa shikamoo au marahaba yake, nampa kiti cha kivulini barazani na maji ya kunywa, halafu nafunga mlango. Wengine walinuna. Hakuna aliyenuna zaidi ya dakika tano, kwa sababu maji yalikuwa ya mtungini, baridi. Mgonjwa mwenyewe akisema anataka mtu wake aingie, anaingia.

Na msidhani anayedanganya kliniki ni mtu mbaya. Goti langu la kulia sasa limeanza. Mwezi uliopita nilikwenda kwa kijana mmoja wenu, akanisalimia vizuri, akaniuliza naendeleaje. Mimi, mzee mzima niliyewahubiria haya yote, nikamwambia, "Nashukuru Mungu, si haba." Nikatoka nachechemea. Kuna kitu ndani ya mtu kinachotaka kuonekana mzima mbele ya anayemheshimu. Basi msiridhike na jibu la kwanza. Ulizeni tena, halafu kaeni kimya, hata kama foleni ni ndefu.

Mama Sabina hakupona. Nasema hivyo kwa sababu wengine wenu mnapenda hadithi ziishe kwa mtu kutupa fimbo. Alikuwa na siku nzuri na siku mbaya, na zile mbaya zilipungua, hasa zile za kutolala. Habari ya shamba nililetewa na Sabina mwenyewe, alipopita kuchukua dawa za mama yake.

Alisema ukoo ulikaa. Felista alisimama akasema wazi, bila chuki, kwamba sasa kila mtu anajua dada yake hawezi kulima, na kwamba mabinti zake wanahitaji pa kupanda. Wazee wakamgeukia Mzee Anselmi atoe neno, kama walivyozoea. Naye akasema, "Mwenye shamba yupo. Mimi sikumuuliza goti lake, na shamba lake sitalijibia. Nendeni mkamuulize mwenyewe."

Wakainuka wote, Felista mbele, wakapanda mpaka kwenye chemchemi. Mama Sabina alikuwa amekaa kwenye kigoda kando ya vichanja, udongo mikononi, anapandikiza kabichi. Aliwaona wanakuja tangu mbali, na hakujitahidi kusimama. Wakamsalimu, wakamuuliza kama Felista na mabinti zake watapata pa kupanda. Naye, mbele ya ukoo mzima, akawajibu:

"Leo magoti yananiuma sana, siwezi hata kuinuka kuwapokea. Njooni kesho. Na mje na majembe, niwaonyeshe pa kuanzia."